Neno la Kupokelea Habari Mbaya

Tarehe 4 Oktoba 2004

Shemeji yangu Fundi,

Leo natimiza miaka thelathini na sita tangu nitoke nyumbani. Sikufanya sherehe. Nimeamka, nimechemsha maji, nimefungua dirisha linalotazama maegesho ya magari, kisha nimekaa mezani na neno. Siku hizi ndivyo ninavyoishi: mimi na neno moja tunatazamana mpaka mmoja wetu achoke, na anayechoka huwa mimi.

Kamusi yetu imefika herufi ya G. Nilikuonya kwamba G ya Kijerumani ni kama mlango wa hospitali, hakuna asiyepita hapo. Kitenzi chao kikishatendwa, mara nyingi huvishwa "ge" mbele, kikaacha kuwa kitendo, kikawa sifa ya mtu au kitu. Ni kama sisi tunavyosema kikombe kilichovunjika, nguo iliyofuliwa.

Neno la leo ni gefasst. Limetokana na fassen, yaani kushika. Mwizi aliyeshikwa na polisi ni gefasst. Kito kilichofungwa kwenye pete ni gefasst. Chemchemi ikijengewa mawe ili maji yasitapakae ovyo, nayo ni gefasst. Hata kifungu cha sheria, kikiandikwa kwa upana au kwa wembamba, hupewa neno hilihili. Mpaka hapo sina shida. Kila matumizi tutayapa mstari wake. Shida ni mtu. Wenyewe husema mama fulani aliletewa habari ya kifo cha mwanawe, akaipokea gefasst. Hakupiga kelele, hakuanguka. Lakini usidhani hakuumia. Pigo limefika mpaka ndani, na bado amejishika mwenyewe kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni.

Wana neno jingine, gelassen, la mtu mtulivu asiyebabaika. Huyo anaweza kuwa hivyo tangu tumboni mwa mama yake. Gefasst hazaliwi mtu. Lazima kwanza pawe na pigo.

Basi nakuletea sentensi hii: "Mama aliipokea habari ya ajali..." na wewe umalizie kwa "ametulia", "amejikaza" na "amepiga moyo konde". Na ipo nyingine ya vitisho. Mjerumani akikasirika husema, kwa neno hilihili: "Huyo akirudi, ajiandae kwa jambo!" Jambo lenyewe halitaji. Nataka tunavyosema sisi.

Utaratibu ni uleule. Hakuna neno litakaloingia kamusini kabla halijasomwa kwa sauti dukani kwako mbele ya watu wanaosubiri nguo zao, kisha jikoni mbele ya dada. Wateja wako ni mahakama ya mwanzo. Dada ndiye rufaa. Tulipofanya neno la subira aliniletea hukumu kwamba sentensi yangu "imevaa koti kwenye jua", akauliza nani anasema hivyo na alikuwa anaumwa nini. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Simu usihangaike nayo. Sikio langu limebaki la kusikia magari tu.

Shemeji yako,
Mzee wa Kamusi


Tarehe 29 Oktoba 2004

Shemeji Mzee wa Kamusi,

Barua imefika ikiwa nzima, isipokuwa kona moja iliyolowa. Nimeisoma dukani siku ya Jumamosi, maana Jumamosi ndipo watu hugundua kwamba wana harusi.

Walikuwepo mwalimu wa hesabu, aliyekuja kupunguza kiuno cha suruali (ameachwa na mke, suruali zimejua kabla yetu), dereva wa gari la taka, na yule mama mwenye duka la rangi. Nikasoma: "Mama aliipokea habari ya ajali akiwa ametulia."

Dereva akaruka: "Ametulia? Basi huyo ndiye aliyekata breki!"

Mwalimu akasema, "Weka amejikaza."

Mama wa rangi akamkata: "Kujikaza ni kwa mtoto anayechomwa sindano, mwalimu. Mtu mzima kafiwa, unamwambia jikaze? Ndiyo maana umeachwa."

Shemeji, duka lilikufa kwa kicheko, na mwalimu mwenyewe alicheka, maskini. Nikajaribu "amepiga moyo konde". Dereva akasema hapo mama anakwenda kupigana na mtu, aelezwe ni nani ili tumzuie. Kwa hiyo zote tatu zimeanguka, kila moja kwa sababu yake.

Kile kitisho hakikuhitaji kikao. Wote watatu kwa pamoja: "Atakiona cha mtema kuni!" Nikawauliza mtema kuni alikiona nini, hakuna aliyejua. Nadhani ndiyo unayoitaka, jambo lisilotajwa.

Dada yako nimemsomea jikoni. Anasema sentensi zote ni nzuri, hongera kwa kazi, uendelee vivyo hivyo. Anakusalimu sana.

Mvua huku zimechelewa. Cherehani ile nyeusi imeanza kulia, nimeipaka mafuta.

Wako,
Fundi


Tarehe 20 Novemba 2004

Shemeji yangu Fundi,

Mpe mama wa rangi salamu zangu. Sentensi yake moja imenifaa kuliko vitabu vitatu nilivyo navyo mezani. Kujikaza ni kumaliza nguvu, na anayejikaza utamwona mishipa ya shingo. Huyu wa Kijerumani hana mishipa. Mtema kuni nimemwingiza moja kwa moja, wala sikuandika maelezo.

Hongera ya dada imenishangaza kidogo, lakini imenipa moyo. Baada ya miaka yote hii labda nimeanza kujua Kiswahili.

Nimetunga sentensi nyingine, nayo naiona inafaa kuliko zote. Tafadhali isome dukani na kwa dada, kisha uniletee maneno yake kama alivyoyasema, bila kupunguza wala kuongeza: "Mjane alizipokea taarifa za msiba katika hali ya utulivu wa kujengeka uliojidhihirisha usoni."

Huku baridi imeingia. Lifti ya jengo letu imeharibika, hivyo nashuka mara chache, kwa shughuli zangu za lazima tu. Nikipanda hupumzika ghorofa ya pili, mlangoni kwa bibi mmoja mwenye paka. Siku hizi yule paka hunijua kuliko bibi mwenyewe.

Neno bado limekaa mezani. Hatujasemezana tangu juzi.

Shemeji yako,
Mzee wa Kamusi


Tarehe 14 Desemba 2004

Shemeji,

Nianze na wateja. Niliposoma sentensi yako mpya dereva wa gari la taka aliniomba nirudie, nikarudia, akasema, "Hiyo ni ya redioni, kabla ya muziki wa huzuni." Mama wa rangi aliuliza kama mjane mwenyewe alikuwa mbunge. Nimeandika kama walivyosema, usikasirike.

Dada yako, lakini, ameipenda. Anasema iache hivyohivyo, ni nzuri kwa watu waliosoma.

Nina swali, nalo ni langu si la wateja. Neno hili hutumika kwa mtu aliyekwisha kupata habari tu? Au linaweza kumhusu mtu anayesubiri habari ambayo haijafika bado, ila anaona dalili zake? Mtu wa hivyo kwa Kijerumani anaitwaje? Nauliza tu.

Nyumba ni salama. Mwanetu wa mwisho alikuja wiki mbili, akatengeneza mlango wa nyuma, akarudi kazini. Mimi mgongo unanisumbua kwa kuinua vitu. Uzee hauji peke yake, huja na mizigo.

Wako,
Fundi


Tarehe 8 Januari 2005

Fundi,

Sentensi ile niliitunga kwa makusudi iwe mbaya. Nilikaa asubuhi nzima kuiharibu. Niliweka ndani yake kila kitu ambacho dada amekichukia tangu nikiwa mwanafunzi nikirudi nyumbani na maneno ya darasani, naye akiniambia niyavue mlangoni pamoja na viatu. Angeisikia sentensi hiyo angetupa mwiko. Angeniita Mheshimiwa kwa mwezi mzima. Wewe unaniambia ameipenda.

Katika maisha yake dada hajapata kusema "hongera kwa kazi". Si maneno yake. Ni maneno ya mtu mwema anayeandika kwa haraka kabla mlango haujafunguliwa.

Swali lako nalijibu kama lilivyoulizwa. Ndiyo, linatumika kwa anayesubiri, lakini hapo linadai kijineno auf mbele ya jambo lenyewe: gefasst auf, tayari kwa jambo fulani. Na jambo lile halina budi kutajwa. Mtu huwa tayari kwa baya kuliko yote, tayari kwa jibu la hapana, tayari kwa kifo. Ukilitumia hivyo bila kutaja ni kwa kitu gani, sentensi inabaki kama ngazi isiyoegemezwa popote. Kitisho tu ndicho kinachoruhusiwa kuficha, kwa sababu kinataka mtu aogope.

Sasa nitajie. Yuko wapi dada? Yu hai?

Mimi hapa


Tarehe 1 Februari 2005

Shemeji yangu,

Yu hai. Naandika hilo kwanza, upumue, ndipo uendelee.

Ni kiharusi. Kilimpata mwezi wa Septemba, asubuhi, akiwa amesimama anakunja mashuka. Nilisikia shuka linaanguka. Si kishindo, ni shuka tu, na sijui kwa nini nilikimbia. Upande wa kulia umelala. Maneno yamekwenda. Sauti iko, lakini inatoka moja tu, kama "ma", kwa kila kitu: maji, dirisha, mimi. Akili haijaguswa, daktari amesema na mimi naiona machoni. Ananisikiliza kuliko alivyonisikiliza miaka arobaini ya ndoa, na ningetoa cherehani zote mbili anikatize mara moja tu.

Utauliza kwa nini nilikuficha. Barua yako ya Oktoba ilipofika nilikuwa nimekaa kitandani kwake na kalamu, tayari kukuandikia. Nikaifungua nikamsomea kwanza. Nilipofika kwenye koti kwenye jua, uso wake ule upande mzima ukacheka. Wiki tatu alikuwa hajacheka. Nikajiambia, shemeji akijua, barua zitageuka kuwa za pole. Ataandika "mpe pole", "Mungu ni mwema", na mke wangu atazisikia na kujua kwamba amekwisha kuwa mgonjwa hata kwako. Nikataka uendelee kuandika kama unavyomwandikia mtu anayejibu. Hukumu za kutunga ndizo zilizonishinda. Nimeishi naye miaka yote hiyo na siwezi kutunga tusi lake hata moja!

Lipo jingine. Mwezi wa Desemba alikataa kula. Alifunga mdomo, akageukia ukuta. Nikamwambia unakuja. Nilisema mwezi wa nne, mvua zikipungua. Siku hiyo alikunywa supu yote, akanishika mkono kwa ule wa kushoto akaubana. Tangu hapo anakula. Kila asubuhi anatazama kalenda ukutani, nami nakata tarehe. Kwa hiyo unaona mahali nilipojiweka.

Na wewe usijione mjanja peke yako. Mimi ni fundi wa nguo. Tangu mwaka juzi mistari ya barua zako inapanda kuelekea kulia, kama pindo lililoshonwa na mtu aliyeshika kitambaa kwa mkono mmoja. Karatasi inateleza kwa sababu hakuna mkono wa kushoto wa kuizuia. Si barua zote. Zile fupi zimenyooka, na hii ya Januari ilinyooka kama rula. Nilifikiri umeumia, nikangoja useme. Mkono wako una nini, shemeji? Na hizo shughuli zako za lazima ni zipi?

Njoo. Nimekwisha kumwambia unakuja.

Fundi


Tarehe 24 Februari 2005

Shemeji yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Sikukasirika. Pale uliposema hukuweza kutunga tusi lake hata moja niliiweka chini kwa muda.

Mkono wangu hauna kitu. Huwa umelala tu. Figo zangu zimekufa, zote mbili, tangu mwaka juzi. Kila baada ya siku moja nakwenda hospitali, wananichoma sindano mbili mkono wa kushoto, damu inatoka, inapita kwenye mashine, inasafishwa, inarudi. Ni kazi ya nusu siku na ule mkono haupaswi kusogea. Barua zako nyingi nimeziandikia pale, ubao juu ya mapaja. Tuko wanne chumbani. Wa dirishani alikuwa mwashi, hutukana mashine kila inapolia, na muuguzi humjibu kwa niaba ya mashine. Sikukuambia kwa sababu ileile uliyonifichia wewe. Sikutaka kuwa mgonjwa mpaka kwenu.

Basi tulikuwa wawili, kila mmoja ameshika habari yake mbaya mbali na mwenzake, tunajadili neno.

Safari siiwezi. Nikikosa mashine mara mbili mfululizo, maji yanaingia mapafuni. Huko kwetu mashine ziko mji mkuu, safari ya siku nzima kwa basi kutoka hapo kwako.

Najua unaloniomba. Unataka ninyamaze, umwambie mwezi wa nne, kisha wa sita, kisha baada ya baridi. Fundi, dada si mtoto. Utakapokata tarehe ya mwisho ya mwezi wa nne atakutazama, nawe utasema "amechelewa kidogo", naye hana hata neno la kukukatalia. Umewahi kufikiri juu ya hilo? Mtu mwenye maneno ukimdanganya anaweza kubishana. Yeye atabaki na kalenda.

Nilikuandikia juu ya kijineno kile nikiwa na hasira. Narudia bila hasira. Mtu hawezi kujiweka tayari kwa jambo asilotajiwa. Sisi tunamtaka awe mtulivu, huku tunampokonya kitu cha kutulia mbele yake.

Mwambie siji.

Shemeji yako


Tarehe 20 Machi 2005

Shemeji,

Nimejaribu, Mungu shahidi. Nilivuta kiti, nikasema, "Mke wangu, kuna jambo." Akanitazama. Nikamwambia cherehani nyeusi imeharibika. Ndivyo nilivyo.

Kabla ya kukubali neno lako nilikwenda kuuliza. Nilipanda basi mpaka mji mkuu, mwanetu akakaa na mama yake. Hospitali kubwa wana mashine tatu, moja imefunikwa shuka. Wagonjwa wanangoja ukumbini, wengine wamelala sakafuni na shuka zao za nyumbani. Nikamuuliza muuguzi, "Mtu akitoka nje ya nchi, mzee, mtampokea?" Akaniambia, "Baba, tutampokea. Zamu ndiyo sijui." Hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka tu, kama mimi na wewe.

Nikarudi nikiwa na mpango mwingine. Nikafikiri nikuandikie: njoo bila mashine. Njoo hizo siku chache ulizo nazo, mwonane, uzikwe kwenu mahali tutakapopajua. Watu wanasema ndivyo inavyopaswa. Nilikuwa nimeiandika kabisa. Usiku nilimgeuza mke wangu kama kawaida, maana lazima ageuzwe asipate vidonda, na mgongo ukanikataa katikati. Nikabaki nimeinama hivyo, nimemshika, siwezi kumlaza wala kumwinua. Yeye ndiye aliyenishikilia kwa ule mkono mmoja mpaka maumivu yakapita. Hapo nikakuona na wewe kwenye kitanda cha pili, unavimba, dada yako anakutazama na hawezi kukuita. Nikaichana ile barua.

Sina nguvu ya wawili, shemeji. Naona aibu kuliandika, lakini ndilo.

Kwa hiyo umeshinda, ingawa sijui nani anashangilia. Sharti langu ni moja. Mimi siwezi kuitunga habari hii. Iandike wewe, moja kwa moja kwa dada yako, si kupitia kwangu. Mimi nitaisoma. Nakuapia nitaisoma yote, neno kwa neno, kama ninavyosoma sentensi zako, na sitaongeza hongera.

Anakula vizuri. Nakwambia ili ujue tunachokihatarisha.

Fundi


Tarehe 12 Aprili 2005

Dada,

Sauti ni ya mumeo, maneno ni yangu. Akisita, mbane mkono aendelee. Akilia, mwache kwanza, kisha aendelee.

Najua yaliyokupata. Nimejua tangu Februari, na kabla ya hapo nilishuku, kwa sababu uliniletea sifa. Hukumu zako zote zile, tangu Septemba, alizitunga Fundi. Usimkasirikie. Alitaka nisikuandikie kama mgonjwa, na sitaanza leo.

Mimi pia naumwa. Figo zimekwisha. Kuna mashine inayonifanyia kazi ya figo, kila baada ya siku moja, na nikiiacha siku chache nakufa. Haiumi sana. Inachosha. Nikitoka pale nalala mpaka jioni, na nikiamka nafanya kazi ya kamusi kidogo, ukurasa mmoja, wakati mwingine nusu yake. Sijui kama nitafika herufi ya mwisho. Nimeacha kulihesabu hilo.

Neno tulilokuwa nalo wakati wote wa ugonjwa wako halikupata mwenzake. Nimemaliza kuliandika jana. Nimetaja kito, mwizi, chemchemi na sheria, nimeweka kitisho, na nilipofika kwa mtu niliandika maelezo marefu badala ya neno: mtu aliyepata habari nzito, ikamfika, naye akaipokea bila kuanguka. Kamusi nzuri haipendi maelezo marefu. Ungenifokea. Lakini wateja wa Fundi waliyakataa yote niliyowapa, na walikuwa na haki, na wewe sikuweza kukuuliza.

Fundi alikwambia nakuja mwezi wa nne. Alisema kwa sababu ulikuwa umegeukia ukuta na hakujua kingine cha kukupa. Lilikuwa tendo la mume. Ningekuwa pale, nikakuona hivyo, nadhani ningesema uongo mkubwa zaidi. Ila umetazama kalenda miezi minne, na mimi sitaki uitazame wa tano kwa ajili yangu.

Fundi alikwenda mpaka mji mkuu kunitafutia mashine. Ziko chache, wangojao ni wengi. Ningekuja, ningekuja kulala kitanda cha pili chumbani mwako, na mtu mmoja mwenye mgongo mbovu angetugeuza sote wawili. Hilo sikubali, na nakufahamu, hata wewe usingekubali. Ungenifukuza kwa jicho.

Sikwambii ule kwa ajili yangu. Nakula hapa bila hamu, chakula kisicho na chumvi, wala sili kwa ajili ya mtu yeyote. Nakwambia tu kwamba barua zitaendelea kuja, na ndani yake nitakuandikia wewe, si rufaa, si mahakama. Sentensi ikikukera, geuza uso. Fundi ataniandikia kwamba umegeuza uso, nami nitaifuta.

Asubuhi niliyotoka ulinikemea kwa ajili ya kola. Ulisema siwezi kwenda kwa watu nikiwa nimekunjamana. Ukanivua shati, ukalipiga pasi juu ya meza, gari linapiga honi nje, mimi nimesimama kifua wazi naona haya. Kisha ukanivika, ukafunga vifungo vyote mpaka cha juu kabisa, kile nisichokifunga kamwe. Wengine wote waliniuliza nitarudi lini, na kila mmoja nilimpa jibu lake. Wewe hukuuliza.

Nakujibu leo. Sitarudi.

Mdogo wako